Kompyuta Iliyojiita Simu

Julai Sumbawanga koti halivaliwi kwa fasheni. Upepo wa Ufipa haubishi hodi, na steshenari ya binamu yangu pale Majengo hujaa watu: nusu wamefuata fomu za maombi ya chuo, nusu wamefuata joto la mashine ya fotokopi.

Siku hiyo aliingia mama mmoja kutoka Laela na kijana wake aliyemaliza kidato cha sita. Nikawakalisha mbele ya kompyuta, ile ya zamani yenye kisogo kirefu, nikafungua tovuti ya maombi. Ikaandika: "Fomu hii haifunguki kwenye simu. Tafadhali tumia kompyuta." Mama akaitazama skrini, akazunguka akatazama na kisogo, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani hii ni nini?"

Mtu kwenye foleni akaangua kicheko: "Ndiyo Sumbawanga hiyo!" Tumeshazoea. Kitu kikigoma Dar es Salaam ni mtandao. Kikigoma huku ni uchawi wa babu wa mtu.

Babu hakuhusika. Mpwa wetu, anayesomea kompyuta Mbeya, alikuwa likizo akitengeneza tovuti yake kwenye kompyuta hiyohiyo. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliingia kwenye mipangilio ya ndani ya kivinjari, akakiamuru kijitaje kama cha simu ili aone kurasa zake zitakavyokaa kiganjani. Alipomaliza akaenda kulala, hakurudisha kitu.

Kivinjari kila kinapoomba ukurasa hutuma na mstari wa kujitambulisha: mimi fulani, toleo fulani, natumia mfumo fulani. Skripti iliyoandikwa kivivu husoma mstari huo ikauamini. Haipimi upana wa skrini, wala haiulizi kama kivinjari kinaweza kupakia faili, ambalo ndilo fomu ilikuwa inalihitaji. Na mstari wenyewe umejaa uongo wa miaka mingi. Chrome, Safari na Edge zote huanza kwa kujiita Mozilla, jina lililotumiwa na Netscape mwaka 1994, kwa sababu Internet Explorer iliona tovuti zikiipa Netscape kurasa nzuri zaidi, nayo ikajitia Mozilla, na wengine wakafuata mkumbo. Opera ilipofika toleo la 10 mwaka 2009, ililazimika kuendelea kujiita 9.80, kwa kuwa skripti kadhaa zilisoma tarakimu ya kwanza tu zikadhani limekuja toleo la 1. Kupunguza umri ili uruhusiwe kuingia uwanjani: wachezaji wetu wa mpira hawakuanza wao.

Kijana akachoka kungoja. Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akagusa vidoti vitatu, akaweka tiki pale pa kudai ukurasa wa kompyuta. Fomu ikafunguka palepale. Yaani kompyuta imefukuzwa kwa kuwa simu, simu imekaribishwa kwa kuwa kompyuta, na mama sasa ananitazama mimi kwa mashaka.

Herufi zilikuwa ndogo mno. Kijana akawa anazivuta kwa vidole viwili, anajaza jina, ukurasa unamteleza, anarudi. Tukafika kwenye namba ya cheti cha kuzaliwa. Mama akafungua mkoba, akatoa picha za pasipoti, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki na mfuko wa karanga. Cheti chenyewe kilikuwa Laela, juu ya kabati.