Baba Mdogo na Meko ya Sebuleni

Mtu wa Tanga akifika Njombe mwezi wa saba ndipo hukumbuka kwamba ana mifupa. Baba mdogo alishuka stendi na kanzu nyepesi, kikoi cha akiba na imani kuwa baridi ni maneno ya watu. Ilipofika magharibi alikuwa ndani ya koti langu, juu yake blanketi, juu ya blanketi shuka la mtoto, macho kwenye meko ya sebuleni.

Nyumba tunayopanga ni ya enzi za Mwingereza. Ina meko ya matofali ukutani, na dohani inayotokeza juu ya bati. Wapangaji wengine meko hayo wameyageuza kabati: ukichungulia unakuta redio mbovu na viatu visivyo na wenzake. Sisi bado tunawasha.

“Mwanangu, moto nimezaliwa nao,” alisema. “Marehemu bibi yako alipikia mafiga maisha yake yote.”

Hoja hiyo kila mmoja wetu anayo, na ndiyo inayotuponza. Mafiga hukaa kwenye banda lenye matundu kila upande, moshi hutoka utakako. Sebule yenye silingi bodi ina njia moja tu, nayo ina kifuniko cha chuma shingoni mwa dohani. Hicho hufunguliwa kabla ya kiberiti.

Baba mdogo alianza na kiberiti, kifuniko hakukigusa, sisi tukiwa sokoni. Tuliporudi tulikuta majirani uani na ndoo za maji, mmoja ameshapiga 114 kuwaita Zimamoto, na baba mdogo katikati yao, macho mekundu, heshima yake haijapungua hata kidogo. “Tulieni,” alikuwa akiwaambia, “moto wenyewe haujawaka.”

Kweli haukuwaka. Kuni za miwati zilizokauka tangu mwaka jana aliziacha bandani, akachukua vipande vya mpaini vilivyokatwa juzi kwa sababu vilikuwa karibu na mlango. Kuni mbichi humaliza joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Moshi wake nao hupoa ukiwa bado kwenye dohani na kuacha masizi ya kunata, meusi kama lami, na masizi hayo siku yakishika moto dohani nzima huunguruma. Basi tukamwita kijana mmoja mwenye kamba, jiwe na brashi ya katani. Alipanda juu ya bati akasugua, akateremsha masizi, kiota cha ndege na mpira wa makaratasi ambao hadi leo hakuna mtoto aliyeukiri.

Asubuhi iliyofuata baba mdogo alitaka kutusaidia. Alizoa majivu yote akayatia kwenye beseni la plastiki la kufulia. “Yamepoa,” alisema, akiwa ameyagusa kwa juu. Kaa lililofukiwa majivuni huweza kukaa hai siku nzima na zaidi. Hili lilingoja avuke zulia. Kitako cha beseni kililegea, kikatoboka, na mzee akabaki ameshika ukingo kwa mikono miwili huku mama watoto akikanyagakanyaga cheche kwa kandambili. Sasa majivu yanakwenda kwenye debe la bati lenye mfuniko, nalo linakaa nje, mbali na ukuta.

Hayo yote tulicheka. Usiku wa tatu hatukucheka. Tulimkuta anaingiza jiko la mkaa chumbani, mlango anataka kuukomea. “Hili halina moshi,” alisema. Ni kweli, na hapo ndipo penye hatari: mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hapati hata kikohozi cha kumwamsha. Mama watoto alilinyanyua jiko akalitoa uani.

“Baba, chagua: mablanketi matatu au basi la asubuhi.”

Alichagua mablanketi. Nawe mwenye mgeni kutoka pwani msimu huu, kabla hujamtakia usiku mwema hakikisha jiko la mkaa liko nje.