Jua la Kulipia

Mtu wa Nairobi akiambiwa apande ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa kuwa lifti imekufa, atanung'unika wiki nzima. Mtu huyohuyo, Jumamosi alasiri, utamkuta kwenye vilima vya Ngong anatambaa, ulimi nje, kalipa kiingilio, miguuni kavaa viatu vya bei ya mbuzi wawili. Eti anawahi jua lisizame.

Kilele ni mita 2,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Upepo wa huko unazungusha mitambo ya umeme, sembuse kofia yako. Wanafika wakihema, Bonde la Ufa limetandazwa magharibi, jekundu lote, nao wanalipa mgongo. Simu juu. Tabasamu. Rudia, hapo nilifumba macho.

Kijana wa Kimaasai anawapita na mbuzi wake, kavaa akala, wala hahemi. Jua hilo yeye hulitazama kila jioni bila risiti.

Na jua la ikweta halingoji picha ya kumi. Likishatumbukia, dakika ishirini tu, giza totoro. Ndipo mmoja anauliza, kwa sauti ndogo mno, nani alibeba tochi, na nyati wa huku huwa wanatoka saa ngapi.