Mwongozo wa Mbishi wa Kijiweni: Mistari au Kiitikio?

Ubishi huu hauna msimu. Mmoja anasema hip-hop ya kweli imekufa, siku hizi zimebaki kelele za kuchezea. Wa pili anamjibu kwamba hizo za kweli hazipigwi hata kwenye harusi ya anayezisifia. Wa tatu, ambaye hajaulizwa, anataja jina la mchanaji Fid Q kwa sauti ya matanga, ingawa Fid Q yu hai. Saa nzima inapita bila mtu kusikiliza hata ngoma moja. Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka kubishana vizuri zaidi ya hapo, kwa sababu jambo lenyewe linastahili.

Kwanza, chagua upande, mistari au kiitikio, na uutaje hadharani. Wanaosema "mimi nasikiliza muziki wote" waheshimiwe, wapewe kiti, lakini wasipewe nafasi ya kuongea kabla ya wengine, maana wanaua ubishi mapema. Mimi niko upande wa mistari. Napenda msanii anayechana kiasi kwamba narudisha ngoma nyuma kusikia alichosema. Lakini upande wetu ndio unaobishana vibaya zaidi, kwa hiyo maneno makali ya humu mengi yanatuhusu sisi.

Ukishachagua, vua silaha bandia. Upande wa kiitikio waweke chini namba za YouTube. Namba zinakuambia wangapi wamebonyeza. Hazikuambii nani ametunga vizuri. Upande wa mistari nao tuweke chini ile sifa yetu ya kutosikika. Tumezoea kumsifia msanii kwa sababu redio hazimpigi, kana kwamba kutopigwa ni cheti. Wapo andagraundi wakali kweli waliokosa nafasi, na inauma. Wapo pia ambao hawapigwi kwa sababu ngoma zao zinachosha, na anayewapenda kwa dhati angewaambia hivyo. Na lile neno "wabana pua", tunalowarushia wote wanaoimba badala ya kuchana, lifungiwe kabatini. Likishatamkwa, hakuna tena anayesikiliza.

Halafu panga pambano la haki. Kosa kubwa la vijiweni ni kuchukua ngoma bora kabisa ya upande wako na kuipambanisha na ile mbovu kabisa ya mwenzako. Mtu anamweka Professor Jay upande mmoja, upande wa pili anaweka wimbo wa mtoto aliyerekodi juzi kwa simu, kisha anajitangaza mshindi. Huo ni uonevu. Bora kwa bora, mbovu kwa mbovu. Ukiona mpinzani wako hataki utaratibu huo, jua anaogopa.

Sasa tuje kwenye jaribio linalomaliza ubishi mwingi kabla haujaanza: ubeti wa pili. Kila mtu anajua kiitikio, na wengi wanajua mstari wa kwanza. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Dogo, huyo unayemsifia, ngoma yake umeisikiliza au umeisikia tu ikipita?"

"Nimeisikiliza, mzee. Naijua yote."

"Haya, nipe ubeti wa pili."

Hapo ndipo kunakuwa kimya, na mara nyingi anayenyamaza ni yule wa mistari, ambaye ndiye aliyepaswa kuujua. Ukishindwa jaribio hili, rudi nyumbani ukasikilize. Hakuna aibu, na kesho kijiwe kitakuwepo palepale.

Akifaulu, mwingize kwenye vina. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapodanganyana zaidi. Mtu akikuambia msanii wake ana vina vikali, mwambie akutajie vitatu. Kiswahili kinamrahisishia sana anayetafuta vina. Karibu maneno yetu yote yanaishia na irabu, na vitenzi vinabeba viambishi vilevile. Mtu yeyote anaweza kupanga pendana, gombana, kutana, achana, akajiona mkali. Hajatunga kitu hapo, sarufi imemtungia. Kina chenye jasho kinakutanisha maneno yasiyo na undugu: jeneza na kupendeza, mahari na hatari. Ukisikia "mahari" mwishoni mwa mstari, kisha mstari unaofuata ukatua kwenye "hatari", akili yako tayari imeanza kujenga kisa: nani anaoa, nani anatishia, deni ni la nani. Msanii amekupa maneno mawili, nawe umemalizia hadithi. Huo ndio uchanaji ninaoupigania.

Tazama pia kina kimekaa wapi. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa mstari, 8 kwa 8, na vina viwili: kimoja kati, kimoja mwisho. Kwa hiyo msanii anayeficha kina katikati ya mstari, kabla biti haijageuka, anafanya kazi ambayo malenga wameifanya kwa karne nyingi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alitumia ufundi huo kulumbana na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama. Yule ni babu halali wa kila anayeshika maiki kumjibu mwenzake.

Ila kabla upande wa mistari hatujashangilia kwa kumpata Muyaka, tukumbuke kibwagizo. Shairi hilohilo tunalojivunia mara nyingi lina mstari wa mwisho unaorudi kila ubeti, ili wasikilizaji waudake na kuupokea. Kiitikio hakikuletwa na redio. Malenga walikiweka wenyewe, wakijua kwamba shairi lisilopokelewa na watu linabaki na mwenyewe. Anayedharau kiitikio akidhani anatetea ushairi, ameanza kuutetea bila kuufahamu.

Basi kiitikio nacho kipimwe kwa ukali uleule. Kiingie kwenye pumzi moja. Kondakta wa daladala aweze kukiimba huku ananing'inia mlangoni na kuhesabu chenji. Na kipimo cha juu kabisa: maneno yasibadilike, lakini maana ibadilike kila yanaporudi. Mfano wangu wa siku zote ni "Ndio Mzee" ya Professor Jay, kutoka albamu yake ya 2001, "Machozi Jasho na Damu", aliyoitengeneza na P-Funk Majani wa Bongo Records. Mwanasiasa yuko jukwaani anatoa ahadi, umati unaitikia kwa maneno mawili yaliyoupa wimbo jina. Mwanzoni unaitikia nao kwa sababu ni rahisi na ni raha. Ahadi zinazidi kuvimba, unaendelea kuitikia. Inafika mahali ahadi haziaminiki hata kwa mtoto, na wewe bado mdomo wako unakubali. Hapo wimbo umekushika: mjinga anayechekwa humo ni yule anayeitikia, na anayeitikia ni wewe. Ondoa kiitikio kile na hotuba inabaki haina umati, dhihaka yote inaanguka. Niambie sasa, ile ni ngoma ya mistari au ya kiitikio? Nchi nzima iliicheza na nchi nzima iliielewa.

Atakayesema mistari hailipi, mtajie wachanaji walioishia bungeni. Joseph Mbilinyi, Sugu, alichaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2010. Joseph Haule, huyohuyo Professor Jay, alipata Mikumi mwaka 2015. Hamis Mwinjuma, Mwana FA, alipata Muheza mwaka 2020, na baadaye akawa naibu waziri. Sisemi nyimbo ndizo zilizopiga kura. Nasema watu walikuwa wamewasikiliza wakiongea kwa miaka, na kusikilizwa ni mtaji.

Neno "zamani" litakuja tu, kwa hiyo jiandae. Mtu atasema zamani hip-hop ilikuwa safi, haikuwa na komesho. Mwulize kwa upole hiyo zamani ilianza lini. Moja ya rekodi za mwanzo kabisa zilizowafanya Watanzania wajue kwamba rap inaweza kuchanwa kwa Kiswahili ni ya Saleh Jabir, mwaka 1991, na alichana maneno yake juu ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice, ngoma iliyokuwa imetamba kwenye chati za dunia. Tulianzia kwenye hiti. Kwanza Unit, Hard Blasters na wengine waliofuata wakajenga juu yake nyumba yenye vyumba vingi, lakini mlango tuliingilia palepale penye ngoma ya kuchezeka.

Na kama kijiwe kina wazee, wape shikamoo kisha waombe wakusimulie muziki wa dansi. Bendi kama Sikinde, Maquis, Vijana Jazz: wimbo wao ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa cha ndoa, cha ulevi, cha ndugu aliyesahau kwao, na watu wanacheza polepole huku wamefungua masikio. Kisha magitaa yanabadilika, ngoma zinakaza, tarumbeta zinaingia, na ukumbi mzima unainuka. Sehemu hiyo ya pili wenyewe waliiita chemko. Hakuna aliyebishana ukumbini kama wimbo ni wa kusikiliza au wa kucheza, maana kila mtu alijua zamu ya sikio na zamu ya mguu. Sisi tumechukua nusu mbili za wimbo mmoja, tumezigeuza kuwa makabila, tunatukaniana ukoo.

Ukikutana na Mkenya, mpe heshima yake, kwa sababu Nairobi ubishi huu uliwahi kuwa mkali kuliko wetu. Upande mmoja walikuwa Kalamashaka wa Dandora na baadaye Ukoo Flani Mau Mau, wakichana habari za mtaa, polisi na njaa. Upande mwingine Ogopa Deejays walikuwa wanatoa hiti baada ya hiti, na wana hip-hop wakaziita kapuka kwa dharau. Lakini mtaje E-Sir mbele ya yeyote kati yao uone. Issah Mmari, ndilo jina lake halisi, alirekodi Ogopa, ngoma zake zilijaza sherehe, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza juu ya biti bila kukanyaga silabi hata moja vibaya. Alifariki kwenye ajali ya barabarani Machi 2003, akiwa bado kijana mdogo. Hadi leo wanaoziponda ngoma za Ogopa wanamtoa yeye kando. Ukiona hoja yako inalazimika kumtoa kando mtu mkubwa kiasi hicho, hoja ina tundu.

Kuhusu Marekani, pita haraka, usije ukalala huko. Kendrick Lamar alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2018 kwa albamu ya "DAMN.", heshima ambayo hakuna mchanaji mwingine aliyewahi kuipata kabla yake. Mwaka 2024 akagombana na Drake, bingwa wa viitikio. Ngoma iliyommaliza Drake, "Not Like Us", ilikuwa ya kucheza, ya kupiga kelele klabu nzima, na Februari 2025 ikabeba Grammy tano. Mtu wa mistari alishinda kwa kumpiga mwenzake kwenye uwanja wa nyumbani kwake. Hilo litoshe, turudi Bongo.

Yapo mambo madogo ya adabu. Usimkate mtu anapochana mstari kwa kumbukumbu, hata akikosea. Msubiri amalize ndipo umsahihishe. Usiseme "huelewi muziki". Sema "hapo sijakuelewa", halafu mwache ajieleze, kwa sababu mara nyingine ana kitu. Na usimcheke dada anayekuambia anapenda ngoma kwa sababu inamchezesha. Kuwachezesha watu ni kazi, na msanii aliyeshindwa kuifanya anajua ugumu wake kuliko wewe.

Ubishi ukifika mahali sauti zimepanda na hoja zimeanza kujirudia, weka sheria moja. Kila mmoja apige ngoma moja ya upande wa mpinzani, ambayo anaipenda kwa moyo, na aeleze ufundi wake uko wapi. Asiye na hata moja hakuwa anabishana kuhusu muziki, alikuwa anatetea jezi.

Mimi nitapiga "Mikasi" ya Albert Mangwea. Ni ngoma ya starehe za usiku isiyo na funzo lolote kwa vijana, na kiitikio chake kinamshika hata asiyetaka. Lakini aliyeimba pale ndiye aliyeogopwa kwa fristaili, mtu aliyekuwa akipewa biti anaanza kuchana papo hapo, na tulimpoteza mwaka 2013 huko Afrika Kusini. Msikilize anavyoingia kwenye ubeti: hana haraka, silabi zinatua kidogo nyuma ya ngoma, kana kwamba biti ndiyo inayomsubiri yeye. Hajaribu kukuonyesha kwamba ni mkali. Irudishe mwanzo, acha kucheza kidogo, hesabu mara ngapi anavuta pumzi. Ukimaliza uniambie wewe unapiga ipi.