Sifa za Mkaguzi Asiyeridhika

Wapenda samaki na wasifu mbuta wa Dunga, wapenda mwendo na wasifu boda boda wa Kondele. Mimi, mwandishi wa programu wa Migosi, namsifu mkaguzi wa nyaraka za vifaa katika kerneli ya Linux, kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumtungia wimbo.

Tazameni ukarimu wake. Unamletea kiendeshi cha kihisi cha joto la maji, cha kufungwa kwenye vizimba vya samaki ziwani. Kinafanya kazi. Yeye haulizi kama kinafanya kazi. Hilo ni swali la watu wenye pupa. Anafungua ule waraka mfupi wa YAML unaoeleza kifaa kilivyo, anwani yake na umeme kinaotaka, kisha anakuonyesha kwamba ndani yake umetaja kiendeshi. Aibu iliyoje! Waraka unaeleza chuma, na chuma hakijui Linux ni nini.

Unarekebisha. Stima inapotea Migosi, inarudi, unatuma tena. Sasa orodha haijafuata alfabeti. Ukiipanga, jina la kipimo cha volti halijaishia na maikrovolti. Hivyo ndivyo wazee wa upande wa bibi harusi wanavyokagua ng'ombe wa mahari: mnyama anatembea, anakula, ana maziwa, nao wameinama wanachunguza sikio.

Wasiomjua husema ni mgomvi. Wamesahau mwaka 2011, Linus Torvalds, muumba wa Linux, alipofoka kuhusu vurugu za msimbo wa chipu za ARM: bodi baada ya bodi ilielezwa kwa faili zake za lugha ya C ndani ya kerneli yenyewe, nyingi zikirudia yaleyale. Dawa ikawa mti wa vifaa (devicetree), yaani maelezo ya chuma yanayokaa nje ya msimbo wa C, urithi wa Open Firmware. Baadaye nyaraka zake, zilizokuwa maandishi huru, zikaanza kugeuzwa YAML ili hata mashine iweze kukukemea. Mashine hukemea kwanza, binadamu humalizia.

Na majina je? Kihisi LM75 kimeandikwa "national,lm75", kwa heshima ya National Semiconductor. Texas Instruments iliinunua kampuni hiyo mwaka huohuo wa 2011. Kampuni imekwenda, jina limebaki, kwa sababu bodi zilizokwisha kusambazwa zinalibeba, na kerneli mpya hairuhusiwi kujifanya haizijui. Kiendeshi utakiandika upya ukipenda. Jina hilo wajukuu wako watalikuta. Basi mkaguzi akikukwamisha kwa ajili ya mkato mmoja, mshukuru, kwa meno yaliyoumana ikibidi.

Jibu la karibuni limenifikia, lenye adabu tele: katika mfano wangu kifaa nimekiita kwa namba ya modeli, badala ya kusema tu kwamba ni kihisi cha joto. Isitoshe, kerneli niliyoitumia imeshapitwa. Je, naweza kutuma tena?