Punda 1800+ wa Mnada wa Katesh

Zamani wanyama wa Hanang walimpima punda kwa kitu kimoja tu: hatua. Kima alikaa juu ya mgunga, akahesabu kwato kwa nusu saa, kisha akatangaza. Wa 2000 akanunuliwa, wa 1500 akarudi kwao.

Ndiyo maana punda wa Basotu alijizoeza vihatua vifupifupi, kwato zikilia kama mvua juu ya bati. Wateja walishangilia. Gunia la chumvi la Ziwa Balangida likafika jioni.

Punda wa Mbulu, mzoefu wa miteremko, alikuwa na hatua 1533 tu, ila ndefu. Hakuna aliyemtazama. Dalali wake, Sungura, aliwahi kuota jua kibarazani kwa fundi kompyuta wa Babati, akasikia kwamba mwaka 2001 watengenezaji wa prosesa AMD waliuza Athlon XP ya megahezi 1533 kwa jina la 1800+, kwa kuwa kila pigo lake lilifanya kazi nyingi kuliko pigo la Pentium 4 ya washindani wao Intel. Akachovya chokaa, akaandika ubavuni: 1800+.

"Hizo ni hatua?" Fisi akauliza.

"Ni jina, mzee. Anafanya kazi ya punda wa hatua 1800."

"Punda yupi?"

"Wa zamani, wa boma letu," Sungura akajibu, huku jicho likimwangalia wa Basotu. (AMD nao walijibu vivyo hivyo.)

"Na hiyo alama ya kujumlisha?"

"Hiyo ni heshima tu."

Fisi akanunua, na kusema kweli hakupunjwa: chumvi ilifika mapema. Balaa lilikuja mnada uliofuata, kila ubavu ukiwa na chokaa. Fisi mwenyewe alileta kilema, 3000+.

Wenye punda wa Basotu walicheka, mpaka kwato zikashika moto na hatua zikagoma kuongezeka. Wakaomba chokaa nao. Wakaandika 520, namba isiyo hatua wala mzigo, kama Intel walivyoiita Pentium 4 ya gigahezi 2.8 mwaka 2004. Kima akakosa kazi.

Nawe unayeuziwa kompyuta ya mtumba kwa sifa ya "hii ni i7", soma tarakimu zinazofuata. i7-620M ya 2010 ina kore mbili. Lakini i3-8100 ya 2017 ina nne, na inaiacha mbali. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aiwashe, uipe kazi yako mwenyewe.