Sindano ya Baba Watoto

Kila Juni nyumba yetu ya Bombambili hugeuka ghala. Mahindi yanatoka shamba yanaingia sebuleni, sisi tunahamia jikoni. Mwaka huu tulikuwa uani tukipiga magunia fimbo kupukuchua, na Baba Watoto, mwenye aleji ya vumbi, akajitia kidume. Gunia la tatu halijaisha, macho yamevimba, shingo imejaa vipele, chafya hazihesabiki.

"Nenda dispensari," nikamwambia.

"Mafua tu haya."

Mama mkwe hakubishana. Alimnyang'anya fimbo.

Nikamsindikiza, akachomwa piritoni ya sindano. Nesi akamwambia akae benchini nusu saa aangaliwe, maana hata dawa ya aleji inaweza kumletea mtu aleji: midomo kuvimba, kifua kubana, presha kushuka. "Mdomo utakauka, usingizi utakuja. Pikipiki usiendeshe." Baba Watoto alilishika la presha, la usingizi aliliacha palepale benchini.

Tukarudi kwa miguu. Mimi na mama mkwe tukaenda mashineni, yeye tukamwachia mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai. "Nani alale mchana?" akasema, akivuta kiti.

Tuliporudi, mbuzi watatu wa jirani walikuwa katikati ya turubai. Mmoja amepandisha mguu kwenye kandambili ya mlinzi wetu. Mlinzi kaachama, fimbo mkononi, anakoroma. Mama mkwe alipima yaliyobaki. Debe zima halipo.

"Mwanangu," akasema, "sindano umechomwa wewe, maumivu tunayasikia sisi."

Jioni shemeji yangu, anayesomea udaktari, akatueleza kuwa ziko sindano nyingine, si za kutuliza bali za kuuzoesha mwili. Walizianzisha Leonard Noon na John Freeman pale London, 1911, kwa chavua ya nyasi. Mgonjwa huchomwa kiasi kidogo kidogo cha kile kinachomdhuru, dozi ikipanda mwanzoni, kwa jumla miaka mitatu hadi mitano. Mkono huvimba na kuwasha. Mara chache hutokea mzio wa kutishia uhai, ndiyo maana naye huketishwa nusu saa, adrenalini ikiwa karibu.

Mama mkwe akamkazia macho mwanawe. "Kumzoesha vumbi kidogo kidogo? Mbona fimbo ninayo."

"Kwa sindano, mama, na mbele ya daktari. Si kwa magunia."

Kesho yake Baba Watoto alipewa kazi moja tu: kufukuza mbuzi. Kiti mama mkwe alikifungia ndani.