Barua ya Wazi kwa Wenye Kamari Yao

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Kamari,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: SHUKRANI KWA KUTULINDA

Sisi wakazi wa Kitale na jirani zetu wa Bungoma tunakupongeza kwa kuzaliwa. Rais alipotia sahihi Sheria ya Udhibiti wa Kamari mnamo Agosti 2025, tuliambiwa ile ya 1966 imestaafu pamoja na bodi yake. Miaka 59 kazini si mchezo, hasa kwa aliyeajiriwa kusimamia mchezo.

Huku hatujambo. Mashine ya kamari tunayoiita bonanza bado iko dukani, nyuma ya pazia, kati ya gunia la sukari na mtungi wa mafuta taa. Inakula sarafu za shilingi 20 na haijawahi kulalamika kwamba imeshiba. Ukinunua mkate ukadai chenji, unapewa peremende, maana sarafu zote zimo ndani ya mashine na ufunguo anao mwenye mashine, ambaye huja jioni kwa pikipiki, akafungua, akahesabu, akamkatia mwenye duka fungu lake, akaondoka. Mtoto aliyetumwa chumvi amesimama pale na kaptura yake ya shule, macho kwenye taa zinazozunguka. Chumvi itangoja. Umri wa kucheza kamari ni miaka 18, lakini labda mashine haijafundishwa kusoma kitambulisho.

Ukali wa serikali tumeushuhudia pia. Mara kwa mara mashine hizi hukusanywa, zikamwagiwa petroli, picha zikapigwa, nasi tukashangilia. Moshi ukiisha, muuza vyuma chakavu huzoa mabati, na bonanza nyingine huwa imeshashushwa. Ikifukuzwa Kiminini hupanda boda, ikavuka mpaka wa kaunti, ikashuka Kamukuywa ikiwa mgeni mwema asiye na rekodi yoyote.

Tungemshtaki nani? Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kitaifa kamari, likazipa na kaunti kamari. Ukiuliza Nairobi, unaelekezwa kwa kaunti. Ukiuliza kaunti, unaelekezwa Nairobi. Mwisho anayeandamwa ni chifu, ambaye hilo Jedwali halikumtaja kabisa.

Hata hivyo bonanza ni dagaa, Mheshimiwa. Papa yumo kwenye simu, na huyo hachomwi moto, anafugwa. Tarehe 29 Aprili 2025 matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, tukaambiwa vijana wanaangamia. Tukalia pamoja nanyi. Kufika Julai mosi, ushuru uliokuwa asilimia 15 ya kila dau ukageuka asilimia 5 ya pesa inayowekwa kwenye akaunti ya kubeti, na kodi ya asilimia 20 ya ushindi ikawa asilimia 5 ya pesa inayotolewa. Kumbe dawa ya vijana wanaoangamia ni kupunguziwa bei.

Hesabu yake tunaielewa, kwa kuwa walimu wetu hawakuwa wabaya. Kijana wa boda pale Kanduyi akituma shilingi 100, Hazina imeshapata 5 kabla refa hajapuliza kipenga. Akibahatika kutoa chochote, inapata tena. Arsenal wafunge au wafungwe, kindege cha mchezo wa Aviator kiruke au kitoweke, mkulima aliyeuza mahindi ya karo abaki na karo au abaki na simu tupu, kuna mchezaji mmoja tu asiyewahi kupoteza, na hata dau haweki.

Basi tuna maombi mawili. Kwanza, bandikeni kwenye mlango wa kila chifu, kutoka Kitale hadi Bungoma mjini, orodha ya mashine na vibanda vyenye leseni, jina la mwenye leseni na la ofisi iliyoitoa. Isiyo kwenye orodha tutaibeba wenyewe hadi kituoni, petroli wekeni akiba. Pili, tangazeni redioni kila mwezi hiyo asilimia 5 imechota kiasi gani kutoka kaunti hizi mbili, na ni zahanati gani imepata mshauri wa waraibu kwa pesa hiyo. Kama jibu ni sifuri, semeni sifuri. Tumezoea kupoteza, tunachotaka ni kumjua anayekula.

Wako mtiifu,
Mlipa ushuru, Kitale.

Nakala: Magavana wa Trans Nzoia na Bungoma, iwapo mashine ni zao.